Ukuta wa Magamba ya Kijani

Fundi mwashi huyu watu walimwita Ulimi, na jina hilo hakulipata kwa maneno mengi, ingawa maneno nayo alikuwa nayo ya kujaza debe. Alilipata kwa kulamba mawe. Kabla hajaliweka jiwe ukutani, alilifuta kwa kiganja, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akasubiri kidogo. Jiwe likiung'ang'ania ulimi, maana yake linakunywa maji, na jiwe linalokunywa maji hushikana na saruji mpaka kiama. Likiteleza, alilitupa kando. Mafundi wenzake walimcheka weee, kisha nyumba zao zikaanza kupata nyufa na zake zikabaki zimesimama wima, na kicheko kikaisha chenyewe.

Mawe yake mengi aliyatoa mgodini. Mgodi huo wa urani ulikuwa umefungwa miaka ishirini na mitatu. Wenyewe walikuja, wakachimba, wakaondoka, wakaacha geti lenye kufuli, kibao kilichofutika maandishi, na lundo la mawe lenye kimo cha nyumba tatu. Baadaye kufuli nalo likaibwa. Mawe yamekwisha kuvunjwa, hayana mwenyewe, na yako umbali wa safari moja tu ya mkokoteni. Kumkataza fundi asiyachukue ni kumfunga mbuzi penye majani halafu umwambie asile.

Kwa hiyo siku alipofika mtaalamu wa madini, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na viatu vizito, akiuliza nani anayeujua ule mgodi vizuri, watu wote walinyoosha vidole upande mmoja. Alikuwa ametumwa kuorodhesha madini yaliyobaki kule. Ulimi alifurahi kupita kiasi. Miaka yote aliyofanya kazi na mawe, hakuna aliyewahi kumwuliza habari za mawe.

Walizunguka lundo lile asubuhi nzima. Mtaalamu alikuwa na mkoba wa vikasha vidogo kama vya vidonge, kila kimoja na namba yake, na ndani ya kila kikasha aliweka kipande kisichozidi ukucha. Kulikuwa na jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake. Kulikuwa na ukoko wa njano uliokaa juu ya mawe mengine kama unga uliomwagika. Na kulikuwa na vipande vya kijani, vyembamba, vya mraba, vilivyopangana kama magamba ya samaki na kung'aa ukivigeuza juani. Mtaalamu aliyataja yote kwa majina marefu ambayo Ulimi hakuyaweza, naye akamwambia majina yake yeye: zito, unga, magamba. Mtaalamu aliyaandika hayo pia.

Kisha Ulimi, kwa mazoea tu, akaokota jiwe moja, akalifuta, akalipeleka mdomoni. Mtaalamu alimshika mkono.

"Usilambe, mzee. Tema mate, usukutue kwa maji haya."

"Hili lina nini?"

"Lina sumu. Na ndani yake mna mionzi, nguvu usiyoiona inayotoka ndani ya jiwe lenyewe na kuupiga mwili. Umewahi kulamba mangapi?"

"Mwanangu, uniulize nimekula sahani ngapi za chakula, hilo nitakujibu haraka zaidi."

Mtaalamu hakucheka. Aliinamia tena kazi yake. Ulimi alisukutua, akatema, akasema moyoni kwamba wasomi wana hofu nyingi. Mwili wake ulikuwa mzima. Alikuwa na kikohozi cha asubuhi, ndiyo, lakini ni mwashi gani asiye na kikohozi?

"Haya ya kijani ni adimu," mtaalamu alisema baadaye. "Hapa nimepata machache sana. Yameishia wapi?"

Hapo ndipo Ulimi alipotabasamu mpaka magego. "Twende kwa binti yangu," alisema. "Ukayaone yalipoishia."

Binti huyo alikuwa kitindamimba wake. Alipoolewa na fundi cherehani miaka mitatu nyuma, Ulimi aliapa kumjengea nyumba kwa mikono yake, na akaijenga. Yeye mwenyewe alilala katika chumba cha kupanga chenye kuta za mabati, maana mganga hajigangi. Nyumba ya binti ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na kibaraza ambapo mkwe aliweka cherehani yake. Na chumbani, upande wa kichwa cha kitanda, Ulimi aliujenga ukuta mmoja kwa mawe ya magamba matupu, akautia mkono wa mwisho polepole kuliko ukuta wowote aliowahi kuusimamisha. Miezi minane alikuwa akiyachagua. Angeweza kuyaweka nje watu wayaone, lakini aliujua udhaifu wa mawe hayo: magamba yale ni laini, mvua moja tu ingeyamomonyoa. Mawe mazuri huwekwa ndani, pasipo jua wala mvua. Hivyo ndivyo afanyavyo fundi anayeijua kazi yake.

Mtaalamu alitoa kipimo chake cha mionzi wakiwa uani. Kilikuwa kikitoa mlio mmoja mmoja, kwa uvivu. Mlangoni kikaanza kuharakisha. Chumbani, alipokisogeza kwenye ukuta, mlio haukuhesabika tena. Ulichachatika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Chini ya ukuta ule, juu ya kitanda, mjukuu wa Ulimi alikuwa amelala chali, mikono juu, mdomo wazi.

Mtaalamu alikizima kipimo. Alichokisikia kilimtosha, na hakutaka kumwamsha mtoto. Alitoka nje, Ulimi nyuma yake akisubiri sifa.

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi saba."

"Amezaliwa wakiwa mle ndani?"

"Hata mimba ilitungwa mle mle, kama unataka hesabu kamili," alisema Ulimi, akacheka peke yake.

Mtaalamu alimweleza tena ile habari ya mionzi, na safari hii hakuwa na haraka. Alimweleza kwamba haina harufu wala joto, kwamba hupungua nguvu ukikaa mbali nayo, kwamba mawe yale pia hutoa hewa mbaya ambayo aliye ndani huivuta bila kujua, na kwamba mtoto mdogo huumia zaidi kuliko mtu mzima. Ulimi alisikiliza akiitazama mikono yake. Aliposhika maana, hofu ilimwingia, hofu hasa, na akaipokea kama alivyozoea kupokea kila tatizo la ukuta.

"Kesho alfajiri naubomoa."

"Usiubomoe, mzee. Ukiupiga nyundo utayasaga magamba, na vumbi lake mtalivuta nyote. Vumbi ni baya kuliko ukuta."

"Basi naupiga lipu ya saruji. Nene, vidole viwili."

"Mbu akishaingia ndani ya neti, ukiiziba neti umemsaidia nani? Hewa ile itapita tu."

"Basi niambie nifanye nini mimi. Mimi ni fundi. Niambie kazi yoyote."

"Hakuna kazi yako hapa. Wahame. Mimi nitaandika, waje watu wenye mavazi na vifaa, waipime nyumba nzima, wauondoe ukuta."

"Lini?"

Mtaalamu alitazama viatu vyake. "Sijui."

"Mtoto ataumwa?"

"Huenda asiumwe kabisa. Huenda akaumwa akiwa mtu mzima. Hakuna anayeweza kukuambia."

Ulimi alitamani kumkasirikia mwanamke yule, lakini hasira ilikataa kuja. Angemwambia mtoto atakufa, angelia. Angemwambia ni uongo, angemfukuza. Neno la kutojua lilimwacha hana pa kushika.

Mtaalamu aliandika kweli, kisha akaondoka na vikasha vyake. Ulimi alingoja wiki mbili, halafu akavaa shati lake zuri akaenda mwenyewe maofisini. Ofisi ya madini ilimwambia hiyo si migodi, hizo ni nyumba, aende ofisi ya makazi. Ofisi ya makazi ilimwambia hayo si makazi, hayo ni madini. Jiwe ni lile lile, lakini ukilipeleka ofisi hii linakuwa nyumba, ukilipeleka ile linakuwa mgodi, na popote ulipelekapo mwenye mhuri ametoka kidogo. Alikwenda mara sita. Mara ya sita karani alimjua, akamwita mzee wa ukuta, akamkaribisha kiti. Barua ya mtaalamu ilikuwepo. Ilikuwa imepokelewa, wakamwonyesha hata tarehe.

Wiki zote hizo alikuwa akimsihi binti yake wahame, na binti alikuwa hasikii.

"Tuhamie wapi, Baba? Kwako? Tulale kwa zamu?"

"Nitatafuta chumba."

"Na wateja wa cherehani watakitafuta hicho chumba? Baba, wewe umeyalamba mawe hayo maisha yako yote, na mpaka leo ukitembea mimi nabaki nyuma. Nikimtazama mwanangu, ananona. Ana meno mawili. Nikuamini wewe ninayekuona au nimwamini mgeni na kidude chake?"

 Mwili wa Ulimi mwenyewe ulikuwa umesimama upande wa binti, na akatamani, kwa mara ya kwanza maishani, angalau aonekane mgonjwa.

Jumapili moja binti alilegeza kamba. Pengine alichoka kuona baba yake akija kila siku na kukaa kibarazani bila kula. "Haya," alisema, "silali tena chini ya ukuta wako." Ulimi na mkwe wake wakakisukuma kitanda mpaka upande wa pili wa chumba, kwenye ukuta wa kawaida, mweupe, wenye lipu. Mkwe alishona pazia zito, akalitundika mbele ya mawe yale, magamba yasionekane. Kisha akarudi kibarazani kwa mteja. Binti aliketi kitandani, akamweka mtoto chini acheze. Mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Alikwenda hatua tatu, akalala kifudifudi sakafuni, shavu chini, akitafuta ubaridi.

"Mgeni wako alisema ukikaa mbali na hiyo mionzi inapungua nguvu, si ndiyo?" binti aliuliza. "Basi tuko mbali. Yameisha hayo, Baba. Ule sasa." Uso wake ulikuwa umekunjuka. Ilikuwa wiki nyingi Ulimi hajauona hivyo.

Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, fupi, na lingempendeza kila mtu. Lakini macho yake yalikuwa juu ya ukuta ule mweupe, nyuma ya kichwa cha binti yake, na alikuwa akiuona jinsi ulivyonyooka. Lipu kama ile haipatikani kwa mchanga wa mtoni. Mchanga wa mtoni una kokoto, una mizizi, unauchekecha mpaka mgongo unakatika. Nyuma ya lundo la mawe, mahali wenye mgodi walipokuwa wakisagia mawe hayo hayo, kulikuwa na bonde la mchanga wa kijivu, laini kama unga wa ngano, usiohitaji chekeche. Alibeba mikokoteni kumi na minne. Mtaalamu alimwuliza habari za mawe tu, naye alijibu habari za mawe tu, na mpaka dakika ile wazo la mchanga halikuwa limempitia kichwani.

"Baba, unatazama nini?"

"Hii lipu," alisema Ulimi.  "Mchanga wake niliutoa kule kule."

Binti aligeuka, akaitazama lipu. Alizitazama kuta zote nne, mmoja baada ya mwingine. Halafu akatazama chini, pale mtoto alipolala.

"Na sakafu?"

"Na sakafu, mama."

Binti alimnyakua mtoto kutoka chini. Alipiga hatua kuelekea kitandani, akaacha. Akaelekea dirishani, akaacha. Akabaki amesimama katikati ya chumba amembana mtoto kifuani, naye mtoto akaanza kulia kwa kubanwa. Ulimi alinyoosha mikono ampokee mjukuu wake, ambembeleze kama siku zote. Binti aliitazama ile mikono, na hakumpa.