Risasi za Mdomo

Nilipoanza kufundisha shabaha, kila askari alipiga risasi thelathini kwa mwaka. Baadaye zikawa kumi. Kisha tano, na mwaka uliofuata ikaja barua kutoka makao makuu ya Kikosi cha Magharibi: bajeti imepunguzwa, na risasi za mafunzo zimesitishwa kwa muda. Huo muda una miaka minne sasa. Aliyeandika ile barua amepandishwa cheo mara mbili.

Mimi ni Sajinitaji Uwesu, mtu wa Tabora mjini, mzaliwa wa Gongoni. Babu zangu waliingia Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, na misafara, na siku ya kufika walifyatua baruti hewani ili mji ujue wamekuja. Uwanja wetu wa shabaha uko jirani na kijiji cha Kwihara, kando ya njia hiyohiyo waliyopita. Wapagazi wale walikuwa na baruti ya kuchezea. Sisi, walinzi wa nchi huru, hatuna hata ya kufundishia.

Basi nikabuni njia. Askari analala chini, analenga, anabana pumzi, kisha anapaza sauti: "Pa!" Mimi nasimama nyuma nikisikiliza. Aliyechelewa nilimwambia adui ameshampita na kunywa uji wake. Kuvuta triga tulikatazwa, kwa sababu pini za bunduki zimechakaa na vipuri navyo vimesitishwa. Ukivuta triga bila risasi ndani, pini inaweza kukatika. Kwa hiyo bunduki zilibaki zimefungwa usalama, kile kidude cha ubavuni kinachozuia risasi isitoke. Usalama umefungwa, kidole kimenyooka, mdomo wazi. Ndivyo tulivyokwenda, miaka yote minne.

Watu wa Kwihara walitucheka, na walikuwa na haki. Zamani bendera nyekundu ikipanda waliondoa ng'ombe mbio. Sasa wanawake walikata nyasi katikati ya shabaha zetu, na mmoja alinipungia mkono. Wageni waliokuja kijijini kutazama tembe, nyumba ya udongo ya enzi za misafara, walimuuliza mwongozaji wao zile kelele ni za nini, akawaambia ni wakulima wanafukuza ndege. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilitaka kumzaba kibao, halafu nikaona kumbe amenisitiri.

Emilian aliletwa kwangu na mama yake, Gaudensia, mkulima wa tumbaku wa Goweko. Kila akija mjini hufikia kwetu, maana yeye na mke wangu Mwamvita ni marafiki tangu usichana. Siku hiyo alikaa mkekani, kijana wake kasimama mlangoni na sare mpya inayompwaya.

"Shemeji," aliniambia, "mimi bunduki siijui. Wewe unaijua. Huyu ndiye niliyebaki naye. Nifundishie."

"Asipojua, unilaumu mimi," nikamjibu. Nilijibu upesi, bila kufikiri, kama mtu anayekaribishwa chai.

Na kijana alikuwa hodari. Mkono wake hautikisiki, jicho kali, na "Pa!" yake ilitoka safi, haiwahi, haichelewi. Nilimweka mbele ili wenzake wamwige. Mungu anisamehe, nilijivunia sauti.

Mwezi wa saba majambazi wenye silaha wakaanza kuvuka mpaka na kuchoma vijiji, ikaamriwa tupeleke watu. Ofisini nilikuta fomu zimepangwa mezani, moja kwa kila askari: "Amehitimu kulenga shabaha kwa risasi za moto." Chini kulikuwa na nafasi ya saini yangu.

"Hawa hawajapiga hata moja, afande," nilimwambia Meja Valentino, mkuu wa mafunzo.

"Wanaondoka Alhamisi, Sajinitaji."

"Nipe risasi mia mbili tu. Siku moja inanitosha."

"Zilizomo ghalani ni akiba ya sherehe na mazishi, na zina orodha yake. Za mpakani watapewa hukohuko." Akanisogezea kalamu. "Usiposaini wewe, atasaini mtu asiyejua hata bunduki inashikwa wapi. Angalau wewe umewafundisha."

Hilo "angalau" ndilo lililonimaliza. Nilisaini zote. Ya Emilian niliisaini kwa mwandiko mzuri kuliko nyingine.

Jumatano alikuja nyumbani kuaga. Mwamvita alimfungia maandazi, kisha kijana akanivuta pembeni.

"Afande, ile yenyewe ikitoka, inasukuma sana?"

"Inasukuma begani kidogo. Utazoea."

Sikumkumbusha habari ya usalama. Kwangu kuufungua ni jambo la mkono wenyewe, kama kusukuma mlango wa chumbani kwangu. Nilisahau kwamba mkono wake haujawahi kufanya hivyo.

Wiki tatu baadaye wakamrudisha kwenye sanduku. Barua aliyopewa mama yake ilisema alipambana kishujaa mpaka bunduki yake ilipokwama. Koplo Recheli, aliyekuwa naye kwenye handaki, alinifuata nyuma ya ghala. Huyu ni askari wa zamani, wa enzi za risasi thelathini, na ndiyo maana yuko hai.

"Haikukwama," alisema.

"Ilikuwaje?"

"Walitokea alfajiri, kama hatua sitini. Emilian alipiga goti, akalenga vizuri kabisa. Halafu nikamsikia, afande. Alipiga mara tatu, kwa mdomo. Ya tatu aliipiga ananitazama mimi, kama anauliza mbona hawaanguki." Akafuta pua kwa mkono wa sare. "Magazini yake niliikuta imejaa risasi. Usalama umefungwa."

"Umemwambia nani?"

"Niliandika. Meja ameniambia niandike upya."

Nilimweleza mke wangu nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwambie Gaudensia, Baba Ummy."

"Nitamwambia baada ya mazishi."

"Kwa nini baada?"

Nilikuwa mwoga, basi, na wala sitafuti neno lingine.

Kwa ajili ya mazishi, risasi zilipatikana. Ishirini na moja, zimefutwa vumbi, zimetiwa saini. Askari saba, kila mmoja tatu, wote wanafunzi wangu. Siku mbili tulifanya mazoezi kwa mdomo ili zisipungue. Asubuhi yenyewe, kule Goweko, niliwaonyesha usalama mmoja mmoja, nikawaamuru waufungue na kuufunga mara kumi. Nilisema leo sitaki kosa.

Padri alipomaliza nikaita amri. Bunduki zikaelekezwa juu, na watu wakaziba masikio.

"Piga!"

Bunduki sita zililia. Ya saba ilikuwa sauti ya mtu.

"Pa!"

Ilitoka safi, kwa wakati wake, kama nilivyomzoeza. Mtoto mmoja alicheka, akanyamazishwa. Yule askari aliishusha bunduki, akaitazama, akaufungua usalama. Meja Valentino alinionyesha kwa kidole niendelee. Niliendelea. Mara ya pili na ya tatu bunduki zote zililia, na kaburi likafukiwa.

Gaudensia alikuwa ameinua kichwa tangu mara ya kwanza. Aliwaacha wanawake waliomshika, akaja mpaka niliposimama.

"Shemeji, yule kijana amefanya nini pale?"

"Amepiga kama nilivyomfundisha."

"Na Emilian?"

"Emilian alijua kuliko wote. Alipiga tatu." Nikavua kofia. "Alipiga kwa mdomo. Bunduki haikukwama. Mimi nilimfundisha hivyo, kwa sababu risasi hatukupewa, na nikasaini kwamba anajua."

Nilitegemea anipige. Ningefurahi, kwa kweli. Aliuliza tu, "Na hizi za leo zilikuwa wapi?"

"Ghalani."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Ile moja isiyotoka nilikuwa nimeitia mfukoni. Akaniomba aione. Niliitoa, akaipokea kwenye kiganja chake cheusi kwa utomvu wa tumbaku, akaigeuza kama anatazama mbegu.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii."

"Ungempa moja tu, shemeji," alisema. "Moja tu, akaijua."

Akanirudishia, akaenda kukaa na wenzake. Meja alinikuta bado nimesimama, akanikumbusha kwamba iliyobaki ni mali ya kikosi. Jioni niliirudisha ghalani, nikasaini.