Kochi Halitoki Bila Kukaliwa

Mume wangu ni fundi wa makochi, na ana sheria moja: kochi halitoki karakana kabla hajalikalia mwenyewe. Hufumba macho, akatulia kama mtu anayesikiliza mvua, halafu husema, "Haya, liende."

Kisha mwaka mmoja akaanza kuniita mimi. "Mama watoto, hebu likalie." Wala sikuuliza kwa nini. Nilikaa, vumbi la sponji likielea kwenye mwanga wa dirishani, usingizi ukanichukua. Niliota makochi yametoka yenyewe barabarani, yanatembea polepole, kila moja likimtafuta mtu wake. Nikizinduka namwambia, "Liko sawa." Nikimuuliza mbona anakula amesimama, naye ananijibu, "Niko sawa."

Sawa gani. Siku moja nikifua suruali yake nikaona damu. Nikamkaba mpaka akasema: mwaka mzima anatoka damu chooni, akikaa anaumia, akimaliza haja anahisi bado ipo, na anapaka dawa ya bawasiri kimyakimya. Nilikasirika. Mtu mzima, anaficha ugonjwa kama mtoto aliyevunja kikombe.

Hospitali, kumbe daktari ni binti wa umri wa mwanetu. Fundi akatazama sakafu.

"Mgongo unanisumbua," akasema.

"Mgongo wapi," nikamkatiza. "Daktari, huyu anatoka damu akienda haja kubwa, na anaona haya kusema."

Daktari hakucheka. "Mzee, bawasiri inatoa damu, na saratani nayo inatoa damu. Ukiwa nyumbani huwezi kuzitofautisha. Nitapima kwa kidole, kisha kwa kamera."

Majibu yakaja. Saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ilikuwa haijasambaa. Maneno niliyasikia kwa mbali, kama vile bado nimelala kochini: mionzi, dawa, upasuaji. Baada ya hapo haja itatokea tumboni, kwenye mfuko.

"Maisha yote?" fundi akauliza.

"Maisha yote," daktari akasema. "Ila utakuwa nayo."

Miezi ilipita, mingine siikumbuki vizuri. Nakumbuka karakana iliyofungwa, na harufu ya gundi iliyobaki kwenye mashati yake.

Jana alimaliza kochi la kwanza. Akaniita.

"Sikai," nikamwambia. "Fundi ni wewe."

Akaushika mfuko wake kwa kiganja, akajishusha taratibu, akafumba macho.

"Limelegea upande wa kushoto," akasema. Akafumbua macho. "Na yale makochi uliyoniambia yako sawa, mwaka mzima?"

"Sijui. Nilikuwa nalala."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nililia, sikuona haya.

Leo asubuhi tumeanza kuwazungukia wateja waliochukua makochi yale. Yeye hutembea polepole, kwa hiyo anayepiga hodi ni mimi.

"Samahani," nawaambia. "Fundi amekuja kukalia kochi lake."