Kadi ya Kipa Mzee

Kabla ya kuona ni kadi gani, Corinne aliona kibonyeo. Kilikuwa ukingoni, upande wa kushoto, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kibanio cha nguo huacha alama ya namna hiyo kwenye karatasi ngumu. Akajua. Baba yake alikuwa hata hajaifikisha ile kadi dirishani kuitazama vizuri.

Asubuhi ilikuwa imeanza na msiba mwingine. Jana yake timu ya Toronto ya mpira wa magongo wa barafuni ilikuwa ikiwaongoza watu wa Boston mabao manne kwa moja, zimebaki dakika kumi na moja tu, na bado ikafungwa. Mji wote wa Port Ansell uliamka umenuna. Dukani watu walinunua maziwa bila kusalimiana. Wendell Tranter, baba yake Corinne, alikuwa na miaka kumi na miwili timu hiyo ilipobeba kombe kwa mara ya mwisho. Sasa alikuwa na hamsini na minane, na alikaa mezani mbele ya kahawa iliyokwisha kupoa.

"Nne kwa moja," alisema. "Marehemu bibi yangu na mikongojo yake miwili angelinda nne kwa moja."

Corinne alikuwa akiosha vikombe. Watu walishazoea kwamba Corinne hajibu.

"Kaka Orval angelia," baba akaongeza. "Angetukana kwanza, halafu angelia."

Kikombe kilimponyoka kikagonga sinki. Jina hilo halikuwa limetajwa katika nyumba ile kwa miaka kumi na saba.

Orval alikuwa amekufa Januari, ardhi ikiwa ngumu kama chuma, kwa hiyo jeneza lake lililala katika kibanda cha mawe cha makaburini pamoja na wenzake waliokufa majira ya baridi, wakingoja udongo ulegee. Sasa ulikuwa umelegea. Maziko yalikuwa siku hiyo, saa nane mchana. Januari Wendell hakukanyaga kanisani. Lakini kushindwa kwa jana kulikuwa kumemlainisha mahali fulani. Alimwambia Corinne ampigie pasi shati jeupe, naye mwenyewe akaitoa suti nyeusi kabatini.

"Nitambeba," alisema huku akihangaika na tai. "Miaka arobaini na sita tumeshindwa pamoja, mimi na yule mwizi. Siwezi kumwacha abebwe na watu wa mgodini peke yao."

Corinne alimfunga tai. Alifurahi. Aliwaza kwamba pengine mambo yangeisha hivyo, kimya kimya, na asingelazimika kusema neno.

Ndipo Lucienne, mjane wa Orval, akabisha hodi. Mkono mmoja ulibeba pai ya nyama, mwingine bati la biskuti lililofungwa kwa utepe.

"Shemeji, umevaa! Nilifikiri nitakukuta umejinyonga kwa sababu ya ile timu yako."

"Kamba ilikatika," Wendell akasema. "Siku hizi kamba nazo ni za Toronto."

Lucienne alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Alimsukumia Corinne lile bati. "Hili ni lako, mwanangu. Baba mkubwa wako alisema nikupe siku ya kumzika. Kuna nini ndani, sijui. Mimi si mtu wa kufungua vya watu."

"Lake kwa nini?" Wendell akauliza, na kwa kuwa Corinne alisimama tu akilikumbatia, akalichukua, akaukata utepe kwa kisu cha mkate. Ndani kulikuwa na karatasi laini, na ndani ya karatasi, kadi moja.

Nyumba nzima ilizijua kadi zile zenye picha za wachezaji. Orval na Wendell walizipata mojamoja kwenye pakiti za chingamu, kwa hela za chupa tupu walizookota kando ya reli, mpaka wakawa na wachezaji wote wa kombe lile la mwisho. Orval alipokwenda mgodini alimwachia mdogo wake zote. Krismasi moja, baada ya miaka mingi, akiwa na bia mbili tumboni, alisema, "Nipe ile ya kipa mzee tu, nikae nayo." Wendell alikataa. Kiangazi kilichofuata kipa mzee hakuwepo kwenye boksi. Wendell hakuhitaji shahidi.

Sasa alisimama dirishani, kadi mkononi. Uso wake ulinyooka, ukawa karibu wa kijana.

"Nilisema! Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka kumi na saba watu wananiona mwendawazimu. Haya, Lucienne, angalia mumeo! Na ameiharibu pia, imebonyezwa ukingoni."

"Shemeji, leo tunamzika."

"Mzikeni." Aliivuta tai, ikafunguka. Koti likaanguka kwenye kiti. "Watu watano wanatosha kumbeba. Hakuwa mzito, dhamiri hakuwa nayo."

Lucienne aliweka pai mezani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kadi ilikuwepo pale, na ilikuwa imetoka nyumbani kwake.

Corinne aliuona tena ule mchana wa Julai. Miaka tisa, baiskeli nyekundu. Watoto wote wa mtaani walikuwa wakibana kadi kwenye spoki ili gurudumu lingurume kama pikipiki, naye hakuwa na kadi. Alichukua iliyokuwa juu kwenye boksi la baba. Ilinguruma vizuri kuliko zote. Pikapu ya Orval ilisimama kando yake, Orval akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua kibanio kwa vidole vyake vya mgodini kama anatoa mwiba. Hakumgombeza. Alisema, "Nitaikandamiza kwenye vitabu mpaka inyooke. Ukiwa tayari kumwambia baba yako, njoo uichukue."

Siku tatu baadaye Wendell alikuwa kizingitini kwa Orval akimwita mwizi, na Corinne amekaa garini, kioo kimeshushwa. Orval alimtazama mtoto juu ya bega la mdogo wake. Kisha akasema, "Sina la kukwambia, Wendell," akafunga mlango.

Lucienne alikuwa tayari amegeuka kuondoka. Wendell alikuwa akizitafuta kandambili zake chini ya kiti.

"Baba," Corinne akasema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Akairudia. Wote wawili wakamgeukia.

"Niliichukua mimi. Niliibana kwenye baiskeli, tazama alama. Baba mkubwa aliitoa, akanyamaza ili mimi mwenyewe nikwambie. Aliningoja, Baba. Amekufa ananingoja."