Kamati Iliyoufuta Msitu

Chama cha wastaafu cha kijiji chetu kimewahi kujenga sauna, kumng'oa mchungaji na kununua kinanda ambacho hakuna ajuaye kukipiga. Kupanga safari ya siku moja ya msituni ndiko kulikotushinda, na msitu wenyewe unaanzia nyuma ya choo cha ofisi.

Safari ilikuwa kwa ajili ya Toini. Ana miaka themanini na minne, nyonga zimechoka, na mwezi ujao binti yake anamhamishia Helsinki, ghorofa ya sita. Alikuwa na ombi moja tu: achume beri za njano kinamasini kwa mkono wake, kwa mara ya mwisho, kabla hajaondoka. Peke yake hawezi tena kwenda popote. Tulikubali kwa kauli moja, tukapongezana.

Mwenyekiti wetu, Urpo, akatandaza ramani mezani na kuuliza twende upande gani. Hapo vinywa vikafungika.

Kwetu mtu atakusimulia mshahara wake, bawasiri yake, hata aliyetoroka na mkewe. Mahali anapochumia beri hakwambii. Hamwambii hata huyo mkewe. Siri hiyo huzikwa nayo.

Katibu, Kyllikki, alisema mashariki hakufai, dubu wamezidi. Urpo akasema kusini kuna matope ya kummeza ng'ombe. Arvo, aliyekuwa amesinzia, aliamka kuapa kwamba kaskazini hakuoti hata jani. Nami sikubaki nyuma. Nilisema magharibi haiwezekani kabisa, kwa sababu daraja la mto Haukijoki limeoza. Daraja hilo nililivuka juzi nikiwa na ndoo mbili zimejaa beri.

Kila mmoja aliposema, Urpo alipiga mstari mwekundu kwenye ramani. Kufikia kikombe cha tatu cha kahawa hatukuwa na msitu tena. Tukapitisha, kwa kauli moja vilevile, safari ya kwenda bwawa la kuogelea la mjini. Kyllikki alitutuliza kwa kusema kwamba ukutani pale wamechora miti mizuri sana.

Toini, aliyekuwa ameketi nasi muda wote, alishukuru vizuri tu. Nilimtazama akihangaika kuingiza mkono kwenye koti, nikaona aibu, aibu hasa.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwake, nikamwambia gari ninalo, twende wawili tu, anielekeze anapochumia yeye. Alimimina kahawa polepole. Niliona kabisa maneno yakimfika mdomoni, kisha yakarudi.

"Siwezi, Veikko," alisema. "Wewe ni mtu mzuri, lakini una miguu. Mwakani utarudi huko peke yako."

Basi nikasema jambo ambalo marehemu mke wangu hakulisikia kwa miaka thelathini na minane ya ndoa.

"Haya, twende kwangu. Ukivuka daraja la Haukijoki unaacha njia, unashika kushoto mpaka kwenye jiwe lililopasuka. Kinamasi kiko nyuma yake."

Nilijiona kama nimevuliwa nguo sokoni. Toini hakushtuka hata kidogo.

"Napajua," alisema. "Nilifika mwaka ule mkeo anaumwa. Nikakukuta umeinama, unachuma huku unalia. Nikageuza. Tangu siku hiyo sijapakanyaga. Nilisema hapo ni pa Veikko."

Nilitafuta mabuti yake ya mpira nyuma ya mlango, nikapiga magoti, nikaanza kumvisha.