Zaituni Alijibu Nini

"Umezima tena! Sulemani, we umezima tena!"

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, upande wa wapangaji wapya.

"Mi nimezima radio yangu," mume wangu akajibu, kidole bado kiko kwenye kitufe. "Kwani ni ya baba yako?"

"Jana umezima palepale. Juzi palepale. Mutu anaimba, anaimba, tunafika pa utamu, kimya! Roho mbaya gani hiyo?"

"Sikieni, watu wa Buyenzi! Nimezaliwa mtaa huu. Nimegombezwa na majirani kwa ajili ya kelele mpaka nimezoea. Leo nimepata wa kunigombeza kwa ajili ya kimya!"

Mimi, Asiya, nilikuwa nachambua ndagala za kesho, dagaa wetu wa ziwani; chakula cha leo kilikuwa kimeshaiva. Niliweka ungo chini. Kuna ugomvi wa kusikiliza huku unafanya kazi, na kuna ugomvi wa kuacha kazi kabisa, na huu ulikuwa wa aina ya pili. Maana yule mtu nyuma ya ukuta, Gaspard, tangu alipokimbia vita Kinama na mke wake wakapanga chumba pale, hajawahi kutuambia neno zaidi ya salamu, "amahoro", tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mchana anapima mizigo posta, jioni anafunga mlango. Nilikuwa nimeshamaliza kumsema kwa kila mtu ninayemfahamu kwamba ana maringo. Kumbe jioni zote hizo sikio lake lilikuwa kwetu!

Lazima niwaambie jioni zetu zilikuwaje. Ilikuwa wakati wa ambargo, nchi jirani zimetufungia mipaka, na mapile, betri za radio, yamekuwa adimu kuliko nyama. Radio-kaseti ya Sulemani inameza pile sita. Basi uani kwetu tulikubaliana: kila nyumba ilete pile, mchana zipande bati zikaote jua, na baada ya swala ya magharibi hadi saa ya couvre-feu, marufuku ya kutembea usiku, tukae pamoja kwenye mkeka. Aliyeleta pile ana zamu yake. Tunamuuliza, "Wiki hii umeshikwa na nani?" naye anatoa kaseti, anatuambia ni nini kimemshika, halafu tunasikiliza.

Faridi mwenye duka alikuwa ameshikwa na vijana wa Kinshasa, kaseti iliyoingia kwa njia ya Gatumba mpakani, katikati ya furushi la vitenge. Joëlla, mwuguzi wa chumba cha mwisho, alishikwa na kwaya, tena kwaya moja hiyohiyo tangu Krismasi, na usicheke, maana Faridi Mwislamu wetu ndiye aliyekuwa anaishika besi yake vizuri kuliko wote. Mimi ni mtu wa taarabu, na nikishikwa sifichi. Sulemani alishikwa na wimbo wa zamani wa orkestra moja ya ng'ambo, upande wa Kongo, ambamo mwanamume anamlilia mwanamke aitwaye Zaituni.

Na tulikuwa na sheria moja. Ukifika kwenye sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanachachamaa, unazima. Kila mtu uani kwetu alijua kwamba kuimba hakuli pile. Sebene ndiyo inakula. Nani alituambia? Sijui. Lakini ulikuwa ukithubutu kuiachia, watu wanakutazama kama umemwaga mafuta ya kupikia.

Basi nikapaza sauti juu ya ukuta. "Baba, samahani. Huo wimbo kwani unakuhusu nini?"

Ikajibu sauti ya mwanamke, taratibu, "Waambie, Gaspard. Ao niwaambie mimi."

Wallahi, sukari ya namna hiyo haiuzwi dukani kwa Faridi.

"Piteni kwa mlango," nikasema. "Habari kama hiyo haipitishwi juu ya ukuta."

Wakaja. Gaspard mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi kama anaenda kutoa ushahidi. Mke wake, Dévote, tumbo limemtangulia, mwezi wa nane hivi. Hawakukaa. Gaspard akasimama karibu na lango, akaanza kueleza huku anautazama ukuta.

Kabla ya vita, alipokuwa anamtaka Dévote na Dévote hataki kusema ndiyo wala apana, alituma kadi kwenye kipindi cha salamu redioni. "Kwa Dévote wa Kinama, nangoja jibu lako." Na siku ikafika, mtangazaji akaisoma. Gaspard alikuwa ametega kaseti, akairekodi: jina lake, jina la mpenzi wake, na wimbo wa Zaituni nyuma yake.

"Mnaujua," akasema. "Mutu ameenda kwenye mgodi, amekaa miaka bila barua. Amerudi. Amesimama nje ya mlango wa Zaituni na mvua inanyesha, anaomba afunguliwe. Beti zote anaomba. Halafu sebene. Na baada ya sebene…"

"Kuna kitu baada ya sebene?" akauliza Sulemani.

"Zaituni anajibu! Sauti ya mwanamke. Anasema 'Mi', na hapohapo kaseti yangu ikaisha, mashine nzima ikajizima. Kat! Kuiwasha tena, wimbo umekwisha."

Tukaguna wote kwa pamoja, kama watu waliokosa goli.

"Sasa mi nasema," Gaspard akaendelea, na mara hii alitutazama sisi, "alisema, 'Mi nafungua.' Huyu hapa miaka yote ananibishia kwamba alisema, 'Mi nimeshaolewa.' Tumebishana kabla ya ndoa, tumebishana baada ya ndoa. Kaseti imebaki Kinama na nyumba. Nilidhani basi, tutakufa bila kujua. Halafu nahamia hapa, jioni ya kwanza naisikia kupitia ukuta. Na wewe, baba, unakata!"

"Lakini we ulimjibu," Joëlla akamwambia Dévote. "Si mmeoana?"

"Nilimjibu kwa mdomo wangu mwenyewe. Haikumtosha, anataka na la Zaituni."

Uwanja ukagawanyika pale pale. Faridi alisimama na Gaspard: mwanamume aliyelowa namna ile hafukuzwi. Mimi na Joëlla tukawa upande wa Dévote: miaka bila barua, unafunguliwa na nani? Sulemani tukamgeukia, maana wimbo ni wake. Akajikuna kidevu.

"Zamani niliusikia baa," akasema. "Lakini baa, sebene ikianza, nani anasikiliza maneno tena? Na hii kaseti nimeinunua sokoni juzijuzi. Sijaivusha sebene hata siku moja."

"Ivushe basi!" akasema Faridi.

"Na nini? Pile mbili zimekufa, nyingine zinakoroma. Tangu wale wa chumba cha kati waende Kigoma na pile yao, hii mashine inaenda kwa huruma tu. Nikiiachia sebene, inafia katikati, na Zaituni hatumsikii, na kesho hatuna kitu."

Ilikuwa kweli. Jioni ile mwimbaji alikuwa ameanza kijana, beti ya pili akawa babu.

Gaspard akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu. "Nina tochi nyumbani," akasema polepole. "Ina mbili, bado nzima." Halafu akamtazama mkewe. "Apana. Tuache. Usiku anatoka mara nyingi, na uani kwetu kuna mashimo. Apana, nisameheni kwa kelele." Akageuka kabisa aondoke.

Nilimwona usoni. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima anayeacha kitu kidogo kwa uchungu mkubwa namna ile, na nikatubu kimoyomoyo habari za maringo.

Dévote alitoka kabla ya mume wake, tukasikia kitasa chao kikilia, na alipokuja tena alikuwa na pile moja katika kila mkono.

"Dévote," akasema Gaspard.

"Usinifanye mimi sababu. Ukuta si upo? Nitaushika. Lakini kesho ukiniambia tena kwamba alifungua, mi nitahama."

Nikasema kibatari changu ni chake mpaka siku ya kujifungua, na mtoto akizaliwa tutazungumza upya. Sulemani akafungua mgongo wa mashine, akatoa zilizokufa, akazitia mpya, akapuliza vumbi. Halafu akairudisha kaseti mwanzo kwa kalamu ya Bic, anazungusha kwa mkono ili mashine isijichoshe bure. Tukasogea wote.

Mwimbaji akaanza, na alikuwa kijana tena. Akaomba. Mvua ikanyesha. Faridi alikuwa anamjibia kila mstari, "Sema, ndugu, sema!" Tukafika pale pa siku zote na kidole cha Sulemani, kwa mazoea tu, kikaenda kwenye kitufe. Nikakipiga kofi.

Sebene ikaingia. Jamani! Kumbe wimbo ule tulikuwa tunaula maganda tu. Magitaa matatu yanakimbizana, moja linacheka, jingine linalia, ngoma inayachunga yote matatu. Joëlla wa kwaya alikuwa wa kwanza kusimama. Faridi akafunga shuka kiunoni. Mimi na uzito wangu huu nilijikuta katikati ya mkeka, na Dévote ameegemea nguzo anacheza kwa mabega peke yake. Huko milimani kukalia makombora mawili matatu, kama kawaida ya jioni. Gaspard, ambaye hakucheza hata kidogo, aliinua kidole kimoja hewani.

"Shii!" akayaambia.

Magitaa yakapungua. Tukasimama kila mtu alipokuwa. Mvua ya ndani ya kaseti ikarudi, na sauti ya mwanamke ikatoka, nzuri, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mi," akasema Zaituni.

Gaspard akafumba macho.

"Mi sikusikii. Mvua inapiga bati. We nani? Sema tena."

Na magitaa yakafifia, kaseti ikakwaruza, ukawa ndio mwisho.

Hapo palikuwa na kimya ambacho hata Gaspard asingekigombeza. Halafu Sulemani akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akashika mkeka asianguke. "Beti zote zile! Mwanamume ameanza upya maskini!"

"Hajamfukuza," akasema Gaspard haraka. "Mmesikia? Hajasema ameolewa!"

"Na hajafungua," akasema Dévote.

"Kwa sababu hajasikia!"

"Anasikia huyo!" Joëlla akapiga makofi. "Anasikia tangu neno la kwanza. Anataka tu aombwe mara ya pili."

"Ndivyo ulivyofanya hata wewe," Gaspard akamwambia mkewe, na Dévote akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakimtetemeka. Gaspard alikuwa anacheka naye. Shati lilikuwa limetoka kwenye suruali na hakujali.

Sulemani akaiweka mashine sikioni, akaiwasha kidogo. Iliimba vizuri tu. "Ajabu," akanong'ona. "Sebene haijala kitu." Faridi akadai imekula, ila kidogo, kwa sababu ya heshima ya wageni. Wakaanza kubishana na hilo.

Basi Gaspard akakumbuka adabu zake. Akachomeka shati, akashukuru mmoja mmoja, akamshika mkewe mkono kwamba waende, saa imekaribia.

"Saa ya wapi?" nikasema. "Kutoka hapa mpaka kwenu ni ukuta. Nani atawakamata, mjusi? Kaeni."

"Tumeshakula, mama," akasema, uongo wa kistaarabu.

"Mumekula nini? Mimi nasikia ukuta kama wewe unavyousikia, na sufuria yenu leo haijagongwa. Joëlla, lete maji wanawe. Dévote, kaa hapa kwenye mto, uegemee. Na we Gaspard, acha kusimama kwenye lango kama yule mutu wa mvua. Bugali bado ni ya moto, ndagala zipo. Ingia, baba, tule."