Cherehani ya Mastura

Mastura Nafula alikuwa akishona kola ya shati la shule, barazani pa duka la vitambaa la Natwarlal mjini Kitale, shemeji yake Wanyonyi aliposhuka basi la Malakisi akiwa na kamba ya katani begani.

Ilikuwa 1987. Mumewe Mastura alikuwa amezikwa Malakisi mwaka uliotangulia, naye akabaki mtaa wa Kipsongo, hapo Kitale, na mabinti wawili, akipalilia mahindi ya watu. Kamati ya zaka ya msikitini ilikuwa imechoka kugawa unga unaoliwa ukaisha. Ramadhani ile kamati ikanunua vyombo vya kazi: huyu karai la mandazi, yule toroli, Mastura cherehani ya miguu.

"Mali ya nyumba ya ndugu yangu ni yetu, shemeji," alisema Wanyonyi, akiizungushia kamba.

"Lakini nilipewa mimi. Ndugu yako alikuwa ashakufa."

"Na wewe ni wa nani? Si ni wetu?"

Akaipandisha juu ya basi, akaenda nayo.

Wiki iliyofuata, Natwarlal alipofungua duka asubuhi, aliikuta cherehani mahali pake, tope jekundu hadi kwenye kanyagio, jani la tumbaku la mashamba ya Malakisi limenasa kwenye gurudumu.

"Imetembea," alisema, akamwita Mastura aje kuipangusa.

Dereva mmoja wa lori alisema aliipita karibu na Kimilili ikijikongoja pembeni mwa barabara. Askari wa kizuizi walikuwa wameisimamisha, kisha wakaiachilia kwa sababu haikuwa na kitu kidogo cha kutoa.

Wanyonyi akaifuata. Ikarudi. Akaifuata tena, ikarudi tena, na kila safari chuma cha miguu kililika. Mastura akaacha kiti, akatumia kigoda. Mwishowe akawa anashona amekaa sakafuni, magoti yamekaribia kidevu.

Akaenda kwa imamu.

"Zaka ikishatoka ni ya aliyepewa," imamu alimwambia kwa upole. "Hilo halina ubishi. Hata cherehani yenyewe inashuhudia."

"Basi mwambieni shemeji."

Imamu akatazama mkeka. "Mambo ya ukoo ni mazito, mama. Vuta subira."

Wazee wa ukoo kule Malakisi nao hawakukana kwamba cherehani inatoroka. Walisema hata ng'ombe wa mahari hutoroka kurudi kwao, na bado huswagwa kurudishwa.

Mvua zilipoanza, Wanyonyi alifika tena. Mastura hakuinuka.

"Ngoja nimalize huu mkono."

Akangoja, akinywa chai aliyoletewa na binti wa marehemu ndugu yake. Mastura akakata uzi. Akatia mafuta kila kiungo, kisha akatoa akala kuukuu za mumewe, viatu vya mpira wa tairi, akazikata vipande, akavifunga kwenye visiki vya miguu ile, akikaza mafundo kwa meno.

"Hizo ni za nini?" Wanyonyi aliuliza.

"Njia ni mbaya."

Akashika upande mmoja, shemeji upande wa pili, wakaibeba hadi steji ya mabasi. Haikuwa nzito tena kama zamani.