Kitabu cha Wenyeji

Bi Vashti Gadsden hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa ofisi ya Kamishna kwa bega, akaubwaga mezani mswada wa kitabu cha jubilei, na bilauri ya chai ya barafu ikapinduka.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema. "Nisomee."

Thaddeus Pinckney, Kamishna wa Umoja wa Michezo wa Vyuo vya Nyanda za Chini, alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye tai ya hariri na sauti ya mhubiri. Lakini bibi huyu ndiye aliyemfundisha kuruka kamba akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mbele yake cheo kilimpwaya. Alitoa leso akaanza kupangusa meza.

"Karibu kwanza, Mwalimu. Keti."

"Sikuja kuketi. Soma."

Akasoma kwa sauti ndogo. "'Mpira wa kikapu wa wanawake ulianza katika Umoja wetu mwaka 1975.'"

"Mwongo ni nani hapo, Thad? Ni wewe, au aliyekuandikia?"

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri, tusidanganyane. Mwaka 1936 Umoja ulianza na vyuo vinne vya watu weusi wa Marekani, ambavyo vyuo vya wazungu havikutaka hata kukanyaga nyasi moja navyo, na basi moja la kuazima ambalo kila timu ililipanda kwa zamu. Sasa, mwaka 1986, vyuo vilikuwa kumi na vinne, fainali ilionyeshwa kwenye televisheni, na wakimbiaji wawili walikuwa wamerudi na medali za Olimpiki shingoni. Kila hatua ilikuwa na ukurasa wake na picha yake. Mabinti waliochezea timu ya Bi Vashti peke yao hawakuwa na hata mstari.

Na walicheza! Mwaka 1950 marais wa vyuo walikutana, wakala, wakashiba, wakapiga marufuku mpira wa wasichana eti unawaondolea staha. Bi Vashti, kocha wa Chuo cha Bethuel, alisikia, akaitikia "ndiyo, mabwana," kisha akaandika kwenye ratiba yake "Mazoezi ya Kupumua" na mabinti wakaendelea kutupa mpira. Kule Chuo cha Cokeley, mwendo wa saa mbili kwa gari, kocha Eulalie Broadnax aliandika "Somo la Usafi wa Mwili" na yeye akaendelea. Tangu 1951 walichuana misimu saba, mechi nne kila msimu, mbili huku na mbili kule. Wasichana wa Bethuel walisafiri kwa basi la kwaya, jezi zimefichwa chini ya vitabu vya nyimbo.

"Najua mlicheza," alisema Kamishna. "Kila mtu anajua. Lakini kujua si rekodi. Kanuni ya tisa, Mwalimu: matokeo rasmi ni yale ya kitabu cha wenyeji, chenye sahihi ya refa. Wewe unavyo vya nyumbani kwenu, mechi kumi na nne. Chuo kimoja hakifanyi mashindano. Niletee vitabu vya Cokeley, nami nitaviweka mbele ya marais Ijumaa. Bila hivyo, mswada unakwenda kwa mchapaji kama ulivyo."

Bi Vashti alitazama kalenda ukutani. Kamishna akadhani amepoa, akaongeza, "Isitoshe tumekuandalia ngao. 'Mama wa Michezo'."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe! Mama wa nini? Watoto wangu wako ukurasa gani?" Akachukua mkoba wake. "Ijumaa. Na ufunge kamba ya kiatu, utaanguka."

Shida ni kwamba yeye na Eulalie Broadnax hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na tisa.

Alimkuta barazani akimenya maharage, sufuria katikati ya magoti. Eulalie alimtazama tangu anashuka garini hadi anafika ngazi.

"Broadnax."

"Gadsden. Loo! Umezeeka."

"Nawe umenenepa. Haya, tumeshasalimiana."

Akaeleza shida yake wima wima, bila kuketi, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Alipomaliza, Eulalie alicheka mpaka ganda la haragwe likamdondoka.

"Ishirini na nane kwa ishirini na nane, siyo? Hujapata kufungwa. Nasikia mchungaji wenu anakutambulisha hivyo kila Pasaka, na kanisa zima linapiga makofi."

"Ndivyo ilivyo."

"Tarehe tisa Februari, hamsini na saba," alisema Eulalie, na kicheko kikamtoka usoni.

Siku hiyo, katika ukumbi wa Cokeley, Bethuel walikuwa mbele kwa pointi moja. Msichana mmoja wa Cokeley alirusha mpira kutoka kona, kipenga kikalia mpira ungali hewani, ukaingia. Refa, kinyozi wa mjini, akasema umehesabika, arobaini na tatu kwa arobaini na mbili, akatia sahihi kwenye kitabu cha Cokeley. Bi Vashti akasema muda ulikuwa umekwisha. Akafunga kitabu chake kwa arobaini na mbili kwa arobaini na moja, akawaswaga mabinti zake hadi kwenye basi, asiwaache hata wapeane mikono. Msimu uliofuata alingoja barua ya mwaliko kutoka Cokeley. Eulalie naye alingoja ya kwake kutoka Bethuel.

"Marais walitupiga marufuku, tukawacheka miaka saba," alisema Eulalie. "Mimi na wewe tukanuniana mara moja tu, mchezo ukafa. Mabinti wangu waliniuliza mpaka Machi, 'Kocha, Bethuel wanakuja lini?'"

Wa Bi Vashti nao waliuliza. Aliwajibu kwa ukali, na wawili wakalia. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, na hakumwambia Eulalie.

"Vitabu unavyo?"

"Vyote saba. Kimoja kila msimu."

Bi Vashti akapanda ngazi moja. "Ule ukurasa wa mwisho... ukibaki nyumbani, nani atajua?"

Eulalie aliweka sufuria chini. "Rudia tena, nikupige nalo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, Vashti. Vitakuja vyote kama vilivyoandikwa, au visije. Ukivitaka, unachukua na kile kipigo chako."

"Mpira ulikuwa hewani!"

"Na ulishuka wapi?"

Bi Vashti aliondoka bila kuaga. Njia nzima aligombana na usukani. Hakuolewa, hakuzaa, nyumba ilikuwa ya kupanga. Alichokuwa nacho duniani ni ile kauli, hajapata kufungwa. Watu waliokutana naye sokoni waliwaonyesha wajukuu wao: yule bibi, hajapata kufungwa. Alimchukia Eulalie, akamchukia na yule kinyozi, Mungu amrehemu.

Ijumaa Eulalie alikuja, kofia ya kanisani kichwani, vitabu saba kwenye kikapu cha nguo. Marais kumi na wanne walikuwa wamekaa kuizunguka meza ndefu, na harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa tayari inatoka chumba cha pili. Kamishna aliviweka vitabu vya vyuo viwili sambamba, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Vilikubaliana mechi ishirini na saba. Kwenye ya mwisho kidole kikasimama.

"Hapa kila kitabu kinasema lake," alisema.

Dokta Alston Frierson, rais wa chuo kikubwa kuliko vyote, aliegemea kiti. "Basi ndiyo hayo. Mabibi wenyewe hawajui nani alishinda, sisi tutajuaje? Tuiite michezo ya kirafiki. Tuweke aya moja ya shukrani, tuwapigie makofi, twende tukale."

Wawili watatu wakacheka. Mmoja alikwisha kusukuma kiti nyuma. Bi Vashti aliwatazama, mmoja mmoja, na damu ikamchemka. Machoni pake walikuwa wale wale wa mwaka 1950, suti tu ndizo mpya.

Akasimama.

"Kanuni ya tisa inasemaje, Thad?"

"Kitabu cha wenyeji, Mwalimu."

"Tarehe tisa Februari wenyeji walikuwa nani?"

"Cokeley."

"Basi nani kakwambia kuna ubishi? Changu hapo hakina kazi." Alikivuta kitabu chake, akanyakua kalamu kutoka mbele ya Dokta Frierson, akaukata ule mstari kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. "Nilifungwa."

Akalirudia neno hilo kwa sauti kubwa zaidi, kwa hasira, kama anayewatukana.

"Nilifungwa! Na wasichana wa Cokeley, kwa pointi moja, kihalali, na miaka ishirini na tisa nimesema uongo hadi madhabahuni. Haya, Dokta, wewe msomi. Mtu anafungwaje katika mechi ambayo haikuchezwa?"

Dokta Frierson aliitazama kalamu yake mkononi mwa bibi.

"Ngao yenu mpeni mwenye ukuta wa kutundikia. Aya yenu ya shukrani kaleni na samaki. Mimi nataka mechi ishirini na nane na majina ya kila aliyezicheza, na kile kipigo changu nakitaka kwenye ukurasa ambao mtoto akifungua tu anakiona. Mlitupiga marufuku, tukacheza. Ikateni kanuni yenu wenyewe hapa mbele yangu, kama mnaweza."

Aliyesukuma kiti nyuma alikirudisha. Kamishna aliwatazama marais, akangoja aone nani atanyoosha mkono wa kupinga. Hakuna aliyenyoosha. Akaufungua mswada ukurasa wa arobaini na moja, akafuta 1975, akaandika 1951. Kisha akaanza chini: Bethuel ishirini na saba, Cokeley moja.

"Hiyo moja," aliuliza, "kikapu cha mwisho alifunga nani?"

Swali lilikuwa la Eulalie. Lakini Eulalie alikuwa ameivua kofia na kujifunika nayo uso, analia.

"Ruby Nell Timmons," alisema Bi Vashti. "Namba nane. Timmons ina M mbili, usiikosee." Akamsimamia begani, akimtajia herufi moja moja, mpaka akamaliza kuliandika.